Lango la Kwanza: Mfungwa wa Kifungo Kirefu Atoke Lini Ndani ya Ukuta?

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi maana yake niliielewa likizo ya Agosti mwaka jana, na si darasani.

Siku hiyo afisa wa probesheni alifika kwetu nyumbani. Alikaribishwa akaketi chini ya mparachichi, akatoa faili. Alikuja kwa ajili ya baba mdogo. Baba mdogo yuko gerezani, gereza la mbali na hapa, na amekwisha kaa huko miaka 11. Alimuua rika lake kwa panga katika ugomvi wa pesa za miraa, akahukumiwa miaka 24. Sasa ameandika ombi la kuhurumiwa. Afisa akauliza swali moja tu: "Je, akitoka, ninyi mko tayari kumpokea?"

Nyanya akajibu hapo hapo, "Aje." Baba yangu akatazama chini wala hakusema lolote. Mimi nami nikanyamaza. Baba mdogo alipochukuliwa nilikuwa na miaka mitano, na sauti yake siikumbuki.

Kisha nikatumwa nimwonyeshe afisa njia ya kwenda kwa mama wa marehemu. Si mbali, ni kuvuka kijito tu. Nilibaki kwenye miraa yao kando ya ua, lakini maneno yalinifikia. Mama yule alisema hivi: "Mwanangu, mimi sijakataa arudi. Ninachokataa ni nikutane naye sokoni siku moja kabla sijaambiwa."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mtu aliyefanya kosa kubwa, ni nani anayejua wakati ambapo anaweza kuaminiwa tena? Na anajuaje? Nilimweleza mwalimu mlezi wa chama chetu, akaniambia, "Basi soma, kisha uandike." Haya ndiyo niliyosoma.

1. TUELEWANE KUHUSU MANENO

Sisi wa Kangeta hatuhitaji kuelezwa gereza ni nini, maana tunalo hapa hapa kwetu, na wengi wetu tumewaona wafungwa wakilima huku askari amesimama kando. Lakini maneno yenyewe yana mambo.

Neno "gereza" wataalamu wengi husema lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Baadaye Waingereza waliigeuza ngome hiyo kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. "Jela" na "rumande" ni maneno tuliyoyachukua kwa Waingereza. "Mahabusu" lina asili ya Kiarabu, nalo ni la mtu aliyezuiliwa kabla kesi yake haijaisha. Kwa hiyo mahabusu si mfungwa, na ukimwita mfungwa umemhukumu kabla ya hakimu.

Sasa, "gereza la wazi" ni lipi? Ni gereza lisilo na ukuta mrefu wala seng'enge za kumzuia mtu asitoroke. Kinachomzuia mfungwa ni ahadi yake mwenyewe. Analala hapo, anahesabiwa asubuhi na jioni, anafanya kazi shambani au karakana, na pengine anaruhusiwa kwenda kuwaona watu wake kisha arudi. Bado ni mfungwa. Kifungo chake hakijafutwa hata siku moja, ila namna ya kukitumikia ndiyo imebadilika.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu kijijini husikia "ametolewa ukutani" wakadhani "ameachiliwa". Ni mambo mawili tofauti kabisa.

2. SHERIA YETU INASEMA NINI?

Hapa Kenya magereza huendeshwa kwa Sheria ya Magereza, Sura ya 90, pamoja na kanuni zake za mwaka 1963. Kuna magereza ya ulinzi mkali kama vile Kamiti, Naivasha na Shimo la Tewa, na kuna mengine ya ulinzi mdogo, yakiwemo yale ya mashamba. Kanuni hizo zinawatenga wafungwa kwa aina, tena zina ngazi ambazo mfungwa hupanda kwa muda aliotumikia na kwa mwenendo wake. Kadiri anavyopanda ndivyo anavyopata nafasi zaidi. Kwa hiyo wazo la mfungwa kupanda hatua kwa hatua si geni kwetu.

Kuna pia punguzo la kifungo. Mfungwa mwenye bidii na tabia njema anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Hebu tufanye hesabu ya baba mdogo. Theluthi ya miaka 24 ni miaka 8. Akiendelea vyema atatumikia miaka 16. Ametumikia 11, basi imebaki 5.

Lakini punguzo hili si la wote. Aliyefungwa maisha halipati, kwani theluthi ya maisha ni miaka mingapi? Hakuna ajuaye. Nao wafungwa wa maisha ni wengi nchini. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, ingawa mahakama ziliendelea kutoa hukumu ya kifo. Mwaka 2009 Rais Kibaki alibadilisha hukumu za zaidi ya watu 4,000 kutoka kifo hadi kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747, na mwaka 2023 Rais Ruto naye akawabadilishia wengine. Watu hao waliepuka kitanzi, lakini wakabaki bila tarehe ya kutoka.

Mwezi Desemba mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji, bali asikilize kwanza hali ya mshtakiwa na jinsi kosa lilivyotendeka. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikajaribu kuipa "maisha" idadi ya miaka, ikampa mfungwa mmoja miaka 40. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo. Kwa hiyo maisha yamebaki kuwa maisha.

Wenye makosa madogo nao je? Hao walifunguliwa mlango zamani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kumwambia mtu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu akafanye kazi ya umma badala ya kwenda jela. Umewahi kuwaona wakifagia soko au kuchimba mitaro. Sasa hebu fikiri. Mwizi wa kuku anarudishwa katika jamii polepole, na yule aliyekaa ndani miaka 16, ambaye amesahau hata bei ya unga, anafunguliwa lango asubuhi moja na kuambiwa, "Haya, nenda." Ni nani kati ya hao wawili aliyehitaji ngazi zaidi?

3. NANI AAMUE?

Kuna watu wengi wanaoweza kuamua, na kila mmoja ana jicho lake.

Wa kwanza ni wakuu wa magereza. Hao wanamwona mfungwa kila siku. Wanajua ni nani nyapara mwema na ni nani anayeonea wenzake usiku. Lakini wanamwona akiwa ndani tu, mahali ambapo kila kitu huenda kwa kengele.

Wa pili ni jaji. Yeye aliisikia kesi na kumsikia shahidi akilia. Lakini alimwona mtu wa siku ile. Mtu wa miaka kumi baadaye hamjui.

Wa tatu ni Rais. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 133, inampa Rais uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu, ila sharti apewe ushauri na kamati. Ndani ya kamati hiyo wamo Mwanasheria Mkuu, waziri anayehusika na magereza, na wengine wasiopungua watano. Afisa wa probesheni hutumwa vijijini kukusanya habari kwa ajili ya kamati hiyo, na ndiyo sababu yule wetu alikuja na faili lake.

Hapo kwenye kifungu cha 133 nilikuta neno lililonifanya nisimame. Katiba inasema kamati YAWEZA kuzingatia maoni ya waliodhurika na kosa. Haikusema SHARTI. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua tofauti ya maneno hayo. Mwalimu akisema "mwaweza kuleta vitabu", nusu ya darasa watakuja mikono mitupu. Akisema "sharti mlete", lo! Hata mtoro atavileta. Mama yule wa ng'ambo ya kijito alikuwa na bahati kwamba afisa wetu alivuka. Je, kama hangevuka?

Katika nchi nyingine kuna bodi maalum. Jirani zetu wa Tanzania walitunga Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994, ili bodi zichunguze ni mfungwa gani amalizie kifungo nje akiwa chini ya uangalizi. Uingereza nayo, kwa wafungwa wa maisha, Bodi ya Parole humshauri waziri iwapo mfungwa ahamishiwe gereza la wazi, kisha waziri ndiye anayekubali au kukataa. Mwaka 2022 waziri aliongeza masharti, likiwemo kwamba kuhamishwa kwa mfungwa kusivunje imani ya umma. Mwaka uliofuata masharti yakabadilishwa tena. Mimi naona hapo kuna funzo. Umma ni watu wengi, tena wenye hasira. Ukiwauliza watu wa soko zima, watasema asitoke kamwe, hata wale ambao hawajui jina la marehemu. Mama wa marehemu mwenyewe, mwenye haki ya kukasirika kuliko wote, alisema maneno mapole kuliko soko.

4. MAMBO MATANO YA KUPIMA

Baada ya kusoma haya yote nimeyaweka pamoja mambo matano. Ningeomba wasomaji wayachunguze, na penye kosa wanisahihishe.

(a) Muda. Mfungwa akihamishwa mapema mno, miaka iliyobaki itamlemea na tamaa ya kutoroka itamshika. Waliodhurika nao wataona damu ya mtu wao imeuzwa rahisi. Akihamishwa akiwa amebakiza wiki mbili, hakuna alichojifunza. Kule Rajasthan nchini India mfungwa huanza kufikiriwa baada ya theluthi moja ya kifungo. Kwa maoni yangu miaka miwili au mitatu ya mwisho ndiyo yenye maana.

(b) Mwenendo. Hapa tuwe macho. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mtu anaweza kuwa mtulivu ndani ya ukuta kwa sababu hana njia nyingine. Utii peke yake si ushahidi wa kutosha. Ni bora kutazama yale aliyoyatenda bila kulazimishwa: je, alijifunza useremala au kusoma? Je, alimsaidia mgonjwa? Alipokosewa na mfungwa mwenzake alifanyaje?

(c) Chanzo cha kosa. Aliyeua kwa pombe apimwe kuhusu pombe. Aliyeua kwa hasira apimwe kuhusu hasira. Ukimsifu baba mdogo eti analima vizuri, hujanijibu. Alikuwa mkulima hodari hata kabla ya ile panga. Ninachotaka kujua ni akidhulumiwa pesa leo atafanya nini.

(d) Pa kwenda. Mtu asiye na nyumba, kazi wala ndugu hurudi alikotoka. Ndiyo maana tuliulizwa kama tuko tayari. Na hapa niseme ukweli ingawa ni wa aibu: nadhani najua kwa nini baba alinyamaza. Sehemu ya shamba la baba mdogo ndiyo tunayochuma, na karo yangu imetoka humo.

(e) Waliodhurika. Waambiwe, na wasikizwe. Sisemi wapewe ufunguo wa gereza, kwani hapo mfungwa mwenye adui mpole atatoka na mwenye adui mkali ataozea ndani, ilhali kosa ni moja. Lakini kuambiwa mapema ni haki yao, na masharti kama vile "usipite soko fulani" au "usivuke kijito" yanaweza kutokana na maneno yao.

5. FUNZO LA MWEA

Msomaji asidhani kwamba kupandisha wafungwa ngazi ni jambo jema wakati wote. Historia ya upande wetu huu wa Meru na Embu inatuonya.

Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwafungia maelfu ya watu katika kambi bila kesi. Waliainishwa kwa rangi: weusi, yaani wagumu, wa kijivu, na weupe, yaani waliohesabiwa kuwa wamelegea. Kutoka kambi kali kama Manyani mtu alihamishwa hadi kambi za kazi, kisha karibu na kwao, hatimaye nyumbani. Njia hiyo waliiita "bomba". Katika tambarare ya Mwea, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, waliozuiliwa walitayarisha mashamba ya mpunga. Pishori tunayoila katika sherehe inatoka huko.

Ukitazama haraka utasema, "Mbona huu ni mfano mzuri? Hatua kwa hatua, tena kwa kazi!" Lakini wapi! Kilichompandisha mtu ngazi ni kukiri kiapo, na aliyekataa alipigwa mpaka akiri. Mwisho wake ulionekana kule Hola tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kazi.

Funzo ni hili. Ngazi ni nzuri iwapo mtu anajua kipimo kabla hajapimwa, anapewa sababu akikataliwa, na anaweza kukata rufaa. Bila hayo, anayeshika ngazi huwa mungu mdogo. Leo hakuna anayepigwa ili akiri kiapo, lakini kipimo kikifichwa, mlango wa hongo na upendeleo unafunguka, na maskini asiye na mtu wa kumsemea atabaki chini.

6. WENZETU WALIFANYAJE?

Mwaka 1936 Waingereza waliwatoa wafungwa kadhaa wa gereza la Wakefield wakawaweka katika kambi ya New Hall, ndani ya msitu. Hapakuwa na ukuta wala ua. Mpaka ulionyeshwa kwa alama za chokaa kwenye miti. Hebu waza: chokaa tu ndiyo iliyowazuia!

Finland kuna gereza la wazi katika kisiwa cha Suomenlinna tangu mwaka 1971, ambapo wafungwa hukarabati ngome ya kale kwa malipo. Kule Sanganer, karibu na mji wa Jaipur nchini India, lipo gereza la wazi lililoanzishwa mwaka 1963. Wafungwa huishi humo na jamaa zao, huenda mjini kutafuta riziki, na jioni hurudi kuhesabiwa. Wengi wao ni watu waliohukumiwa kwa mauaji.

Umoja wa Mataifa nao ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela mwezi Desemba mwaka 2015. Kanuni hizo zinasema kwamba gereza la wazi, kwa vile halina kizuizi ila nidhamu ya mfungwa mwenyewe, ndilo linalofaa zaidi kumrekebisha mfungwa ALIYECHAGULIWA KWA UANGALIFU. Nimeandika kwa herufi kubwa maana hayo ndiyo maneno ambayo watetezi husahau. Kanuni hizo hizo zinataka mfungwa arudishwe katika jamii polepole, si kwa ghafla. Mandela mwenyewe, baada ya miaka mingi Robben Island na Pollsmoor, alikaa mwaka wake wa mwisho na zaidi katika nyumba ndani ya gereza la Victor Verster, akatoka hapo Februari 1990. Hata serikali iliyomfunga iliona si busara kumtoa kwa mruko mmoja.

7. HOJA ZA WANAOPINGA

Katika mjadala wa chama nilikutana na hoja tatu nzito.

Mwanachama mmoja alisema, "Watatoroka." Ni kweli, wengine watatoroka. Lakini mtu aliyebakiza mwaka mmoja akitoroka atapoteza mengi, nayo ahadi iliyo karibu humshika mtu kuliko seng'enge. Na anayevunja ahadi arudishwe ukutani mara moja. Ngazi ni ya kupanda na ya kushuka.

Mwingine akasema, "Adhabu itakosa uchungu." Hii ni ngumu zaidi. Nilimjibu kwamba miaka 13 ya ukuta kabla ya mitatu ya shamba si mchezo. Lakini nakiri sijafiwa na ndugu kwa panga, na labda ningesema mengine.

Wa tatu, msichana wa kidato cha nne, akauliza, "Kwani mtihani huu wa kuaminiwa, kwa nini ufanyiwe kijijini kwetu?" Darasa zima likacheka, lakini mimi sikucheka. Nikamjibu kwamba mtihani huo utafanyika tu, tutake tusitake, kwa sababu siku ya mwisho wa kifungo itafika. La kuchagua ni moja: ama ufanyike angali mfungwa, akihesabiwa jioni na kuweza kurudishwa, ama ufanyike siku ile akiwa huru kabisa, hakuna wa kumwita.

8. MSIMAMO WANGU

Msimamo wangu basi ni huu. Kenya iwape wafungwa wa vifungo virefu hatua ya gereza la wazi katika miaka yao ya mwisho. Waamuzi wasiwe mtu mmoja, bali bodi yenye afisa wa magereza, afisa wa probesheni, mwanasheria na mtu wa kijijini anayeheshimika. Vipimo viandikwe na kubandikwa ukutani ambapo kila mfungwa atavisoma. Wafungwa wa maisha nao wawekewe mwaka wa kuchunguzwa, hata kama jibu litakuwa hapana, kwa kuwa mtu asiye na tarehe yoyote hana sababu ya kujirekebisha. Na lile neno YAWEZA libadilishwe liwe SHARTI.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea nyanya kwa Kimeru, kwani Kiswahili changu cha jarida ni kigumu kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yote ni sawa. Lakini hujasema ni nani atakwenda kumwambia yule mama." Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Akatikisa kichwa. "Serikali itapeleka barua," akasema. "Barua haimwamkui mtu."

Jibu la ombi la baba mdogo bado halijafika. Huenda likawa la, akaendelea na miaka yake mitano. Lakini Jumamosi iliyopita niliona nyanya akivuka kijito amebeba ndizi. Alikaa huko hadi jua likawa karibu kutua. Aliporudi sikumwuliza kitu, naye hakuniambia.

MSAMIATI

Afisa wa probesheni: mtumishi wa serikali anayechunguza na kuangalia wahalifu wakiwa nje ya gereza
Ainisha: gawa kwa aina
Batilisha: ondolea nguvu, futa
Karakana: mahali pa kufanyia kazi za ufundi
Nyapara: kiongozi wa wafungwa kazini
Parole: ruhusa ya kumalizia kifungo nje chini ya masharti
Rika: mtu wa umri mmoja na mwingine
Seng'enge: waya za kuzungushia ua
Ung'ongo: uzi wa ukindu au mwaa

MASWALI YA MJADALA

1. Eleza tofauti kati ya mahabusu, mfungwa, na mfungwa wa gereza la wazi.
2. Mtu amefungwa miaka 18, naye akapata punguzo la theluthi moja. Atatumikia miaka mingapi? Ungependa ahamishiwe gereza la wazi katika mwaka wa ngapi, na kwa nini?
3. "Sharti" na "yaweza": tunga sheria mbili za shule ukitumia maneno haya, kisha ueleze ni ipi itakayofuatwa.
4. Mwandishi amesema waliodhurika wasikizwe lakini wasipewe ufunguo. Je, unakubaliana naye?
5. Taja methali mbili, moja ya kuunga mkono na nyingine ya kupinga wafungwa kuaminiwa.